Mashuka ya Saa Nane Usiku

Grafu ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinuka na kufunga mlango. Kisha nikarudi, nikakaa, nikaitazama tena. Nguzo za mchana zilikuwa na rangi tatu zilizopandana, kama nilivyotarajia: bluu chini, machungwa katikati, kijani juu. Nguzo za usiku, kuanzia saa saba hadi karibu na mapambazuko, zilikuwa na rangi moja tu. Bluu.

Bluu ilikuwa stoo ya Shangazi.

Hospitalini kwetu wote wanamwita hivyo, hata metroni ambaye anamzidi umri. Hakuna hata mmoja aliye mpwa wake wa kweli. Aliajiriwa miaka thelathini na miwili iliyopita kukunja mashuka, na wenzake wakikunja ovyo alikuwa akiwauliza, "Hivi ndivyo shangazi yako alivyokufundisha?" Aliuliza mara nyingi mno, mpaka siku moja dobi mmoja akamjibu, "Shangazi yangu hakunifundisha kitu. Basi kuwa wewe." Jina likabaki.

Stoo yake iko chini ya ngazi za jengo la kufulia. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha, ila kuna tundu ukutani la kupitishia mashuka, lenye ubao wa kuegemea viwiko. Mablanketi yako rafu za chini, mashuka katikati, foronya juu. Kila shuka la hospitali lina alama ya uzi mwekundu pembeni, msalaba mdogo ulioshonwa kwa mkono, na nyingi ya alama hizo alizishona yeye. Ufunguo wa stoo hauweki mezani wala mfukoni. Umefungwa kwa utepe na kubanwa kwa pini ndani ya gauni lake, na akitaka kuutoa anakugeuzia mgongo.

Mumewe alikuwa fundi wa boila hapo hapo. Ndiye aliyekuwa akipiga honi ya mvuke saa moja kamili asubuhi, na tena saa kumi jioni wakati wa kufunga. Walijuana kwa honi, ndivyo watu wanavyosema: bibi alikuwa akilalamika kwamba inalia mapema, bwana akaanza kumngoja aingie getini ndipo apige. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Alilazwa kwetu wiki sita, kisha akarudishwa nyumbani. Sasa hatembei, na maneno yake machache anayaelewa mkewe na binti yao.

Mimi ni karani wa takwimu. Nakaa ghorofani, chumba chenye meza mbili na kompyuta moja. Nina kidato cha nne na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, na nina daftari ambamo naandika kila ninachokibadilisha katika faili lolote: tarehe, nilichobadilisha, sababu. Mke wangu husema ningekuwa mwizi ningeandika pia nilichoiba.

Kazi ya grafu ilitokana na upungufu. Metroni alihesabu mashuka ya mwaka akakuta arobaini na moja hayapo. Meneja wetu mpya wa huduma, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Bwana Rangi kwa jinsi anavyopenda karatasi za rangi, aliniita akasema:

"Karani, sitaki maelezo. Nataka nione kwa jicho moja mashuka yanatoka saa ngapi, na yanatoka stoo ipi. Kila saa nguzo yake. Stoo tatu ziwe moja juu ya nyingine ndani ya nguzo hiyo hiyo. Unaweza?"

"Naweza, Bosi."

"Na zisifanane rangi."

Niliomba madaftari ya miezi mitatu kutoka stoo zote tatu: ya Shangazi, ya wodi ya wazazi na ya upasuaji. Grafu ya namna hii inaharibika kabla hujaichora, inaharibikia kwenye jedwali. Kwa hiyo nilianza na jedwali refu, kila tukio mstari wake: tarehe, saa, stoo, idadi, na kama kulikuwa na fomu ya wodi au hapana. Ilinichukua siku tisa. Baada ya hapo nikafanya jedwali fupi la muhtasari, saa zikishuka kwa upande wa kushoto, majina ya stoo tatu yakipita juu, mstari mmoja tu wa vichwa, hakuna mstari mtupu katikati. Pasipotoka shuka niliandika sifuri, sikuacha kisanduku wazi. Na sikuweka safu ya jumla. Hilo nilijifunza mwaka juzi, nilipochora grafu ya wagonjwa nikaisahau safu ya jumla ndani ya eneo nililochagua. Kompyuta ikaichukulia jumla kama wodi nyingine, ikaipandisha juu ya wodi zote, nguzo zikawa ndefu mara mbili. Meneja wa wakati ule alizifurahia sana.

Shangazi nilimweka chini kabisa ya nguzo kwa sababu stoo yake ndiyo inayotoa mengi, na rangi ya chini ndiyo rahisi kupimwa kwa macho. Zile za juu huanzia popote zilizo chini yake zilipoishia, huwezi kuzilinganisha vizuri.

Kanuni yangu wakati wa kuingiza ilikuwa moja: niandike kilichoandikwa. Nisiongeze, nisipunguze, nisikisie.

Na sasa, mlango umefungwa, niliikagua kazi yangu kwa kuishuku kabla ya kumshuku mtu. Nilidhani labda nimepanga safu ya saa peke yake nikaziacha nyingine, saa zikahama na kukaa mbele ya mistari isiyo yake. Hilo hutokea, na ukishahifadhi faili ni balaa. Nikachukua daftari la Shangazi nikalinganisha mstari kwa mstari. Tarehe kumi na nne, 2:15, mashuka sita, bila fomu. Kwenye kompyuta: tarehe kumi na nne, 2:15, sita, bila fomu. Nikalinganisha mingine ishirini. Yote sawa.

Halafu nikaona jambo jingine. Mashuka ya usiku yote yalikuwa bila fomu. Wodi ikitaka mashuka, muuguzi hujaza fomu na kuandika saa yeye mwenyewe, na stoo hunakili saa ile ile: 08:15, 14:30. Lakini wodi ikiishiwa ghafla, mtu hushuka mbio bila karatasi, na Shangazi humpa na kuandika kwa mkono wake. Stoo nyingine hazitoi kitu bila fomu. Yeye hutoa. Na kwa mujibu wa daftari lake mwenyewe, alitoa mashuka mia tatu na kumi na manane kati ya saa saba usiku na saa kumi na mbili alfajiri, jengo likiwa limefungwa, bila fomu, katika miezi mitatu.

Mtu gani anaiba na kuandika? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu mwenyewe: mtu anayejua kwamba hakuna anayesoma madaftari.

Kesho yake, Ijumaa, nilishuka chini nikisingizia kurudisha daftari. Nilitaka kumwona. Alikuwa ameegemea tundu, simu sikioni, sauti chini.

"Umeshageuza? ... Upande wa ukutani? ... Haya. Saa sita tena, usisahau." Aliponiona akaikata simu. "Karani! Leo umeshuka mbinguni?"

"Nimerudisha daftari, Shangazi."

"Na umemaliza kulisoma? Maana umekaa nalo kama barua ya uchumba."

"Nimemaliza."

"Enhe? Mwandiko unasomeka?"

"Unasomeka vizuri sana," nikasema, na nilikuwa namtazama machoni. Hakupepesa. Chini ya meza yake kulikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni, umejaa, umefungwa fundo. Aliona ninapotazama. Akausukuma kwa mguu, polepole, mpaka ukaingia chini ya rafu.

Nikaenda getini kwa askari wa zamu ya mchana, ambaye tunamwita Afande.

"Shangazi huwa anatoka na mfuko mkubwa?"

"Kila siku ya Mungu."

"Unaukagua?"

Afande akacheka. "Nikague mfuko wa Shangazi? Karani, mimi siku nikiugua nataka kulalia shuka lisilo na viraka."

"Na usiku? Mwenzako wa usiku amewahi kukuambia lolote? Mtu kuingia jengo la kufulia?"

"Ameniambia kuna paka."

"Paka tu?"

"Kwani unataka nini, simba?" Kisha akanisogelea, kicheko kimekwisha. "Kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu. Lakini nilijua kwamba kufikia saa ya kutoka jengo zima litakuwa linajua kuna kitu.

Alasiri ile niliipeleka grafu kwa Bwana Rangi. Ningeweza kungoja. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: ningeweza kungoja hadi Jumatatu, nikamuuliza mwenyewe. Sikungoja, kwa kuwa nilikuwa na uhakika na jedwali langu, na mtu mwenye uhakika na jedwali lake hana subira.

Bwana Rangi aliichapisha kwa rangi, akaibandika ubaoni ofisini kwake, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

"Hii bluu," akasema.

"Ndiyo, Bosi."

"Inasimama peke yake kama mtu aliyefumaniwa." Akakaa. "Mwandikie barua. Jumatatu mbele yangu na metroni, aje na ufunguo aukabidhi. Akieleza, tutamsikiliza. Akishindwa kueleza, akapumzike nyumbani."

Niliiandika barua kwa mkono, jinsi alivyonisomea, akaitia sahihi. Shangazi alikuwa ameshaondoka, na Jumamosi haingii kazini. Nikasema nitampelekea mwenyewe. Bwana Rangi akanishukuru kwa kujitolea. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiona kamba yake ya kuanikia nguo.

Anaishi nyuma ya karakana ya baiskeli, vyumba viwili na kibaraza. Nilifika Jumamosi mchana, jua likiwa kali. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka nguzo ya kibaraza hadi kwenye msumari wa ukuta wa jirani. Nikahesabu. Mashuka matatu: moja la maua, moja la kijani, moja jeupe. Nikasogea nikamate pembe ya lile jeupe nitafute uzi mwekundu.

"Mjomba, limekauka?"

Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, kioo kidogo magotini, anasuka nywele zake mwenyewe. Ni msusi, ana kibanda chake sokoni. Sikuwa nimemwona.

"Samahani. Nilikuwa... upepo umelikunja."

"Upepo gani? Leo hata jani halitikisiki." Akaendelea kusuka. "Ukimaliza kulikagua, kuna na soksi upande ule. Mama! Una mgeni anayependa mashuka."

Shuka jeupe halikuwa na alama yoyote.

Shangazi alinikaribisha ndani. Chumba kilikuwa safi, na kilinukia sabuni ile ile ya kazini, jambo ambalo nalo nilishuku, ingawa sabuni ile inauzwa kila duka. Mfuko wa nailoni ulikuwa wazi kando ya mlango: ndani mlikuwa na vitambaa vya pamba vilivyochakaa, vimekunjwa vizuri, na chupa ya mafuta ya kuchulia. Mumewe alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda kilichosogezwa ukutani, uso umeelekea mlangoni. Nikamwamkia. Akainua vidole viwili.

Na shuka alilojifunika lilikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu pembeni.

Nililiona vizuri. Lilikuwa la zamani, laini kwa kufuliwa. Shangazi aliona kwamba nimeliona. Nikampa barua.

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena.

"Ufunguo," akasema. "Kwa lipi?"

"Grafu inaonyesha mashuka yanatoka stoo kwako usiku, Shangazi. Bila fomu."

"Grafu ndiyo nini?"

"Ni picha. Nguzo. Kila saa na nguzo yake, na kila stoo na rangi yake, zimepandana."

"Kama rafu."

"Kama rafu."

"Na mimi niko rafu ipi?"

"Ya chini."

"Kwa nini mimi ndiye niwekwe chini?"

"Wa chini ndiye anayeonekana vizuri."

"Hapo umesema." Akaikunja barua mara tatu, kama foronya. "Usiku gani huo, Karani? Mimi usiku niko hapa, namgeuza huyu. Kila baada ya saa chache anageuzwa, ukutani, mlangoni, ukutani, asije akatoka vidonda. Mchana binti ndiye anayemgeuza, na mimi nampigia simu kumkumbusha. Nitoke hapa usiku niende kufungua stoo?"

Nilikumbuka simu ya jana, nikahisi masikio yanapata moto. Lakini shuka lilikuwa pale kitandani, na daftari halikuandikwa na mtu mwingine.

"Mama," binti akaita kutoka kizingitini, "saa nane."

Shangazi akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili, kama unavyokuwa saa nane duniani kote. Akachukua kidonge kwenye kisahani, akamwinua mumewe kichwa. Juu ya kitanda kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, ratiba ya dawa, kwa mwandiko wake ule ule nilioishi nao siku tisa, nane zake zikiwa hazifungi vizuri juu:

2:00 cheupe. 8:00 cheupe. 2:00 chekundu.

Nikaisoma. Nikaitazama saa ya ukutani. Nikaisoma tena.

"Shangazi," nikasema. "Mtu akishuka stoo bila fomu, asubuhi, wodi zikiwa zinatandika vitanda. Saa mbili na robo. Unaandikaje?"

"Mbili na robo."

"Kwa tarakimu?"

"Mbili, vidoti, kumi na tano. Kwani kuna namna nyingine?"

Kompyuta inaijua namna moja tu. Kwake 2:15 ni saa nane na robo usiku. Fomu za wauguzi zinaandikwa kwa saa za kompyuta, na mimi mwaka wa kumi na moja huu mdomo wangu unasema saa mbili huku vidole vyangu kwenye kompyuta vinaandika 08:00, wala sijawahi kuona kwamba ni lugha mbili. Nilikuta 2:15 nikaandika 2:15. Niliandika kilichoandikwa.

"Nadhani nimekosea," nikasema.

"Unadhani, au umekosea?"

"Nimekosea."

Alimlaza mumewe taratibu, akamfuta mdomo kwa kitambaa cha pamba. "Basi Jumatatu useme hivyo hivyo," akasema. "Mbele yao. Usiniambie mimi, mimi nilikuwa najua."

Jumatatu niliingia kazini saa moja. Sikuigusa grafu ya kwanza. Nilinakili faili, nikaandika kwenye daftari langu tarehe na sababu, kisha nikaongeza safu mpya kando ya ile ya saa. Kwa mistari ya stoo ya Shangazi isiyo na fomu, safu hiyo ilichukua saa yake na kuongeza sita. Mingine ikabaki ilivyo. Nikaelekeza muhtasari usome safu mpya. Bluu ikaondoka usiku yote kwa pamoja, ikaenda kukaa chini ya machungwa na kijani, saa za kazi, kuanzia asubuhi honi ilipokuwa ikilia hadi saa kumi jioni. Nguzo za usiku sikuzifuta. Niliziacha na sifuri zake, ili kila mtu aone kwamba ni tupu.

Saa nne tulikuwa wanne ofisini: Bwana Rangi, metroni, Shangazi na mimi. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kazi, mkono juu ya kifua, pale pini ilipo.

"Tarehe kumi na nne," Bwana Rangi akaanza, akionyesha ubaoni kwa kalamu, "saa nane na robo usiku, mashuka sita. Nani alikuja?"

"Bosi," nikasema, "kabla hajajibu, grafu hiyo si sahihi. Kosa ni langu." Nikaweka ile mpya mezani, nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudia.

Bwana Rangi aliitazama mpya, akaitazama ya ubaoni, halafu akanitazama mimi kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa katika ofisi ile.

"Ijumaa ulinipa grafu. Ukasema umelinganisha mstari kwa mstari."

"Ndiyo."

"Jumamosi ukaenda kwake. Kwa hiari yako. Hukutumwa."

"Ndiyo, Bosi."

"Leo umerudi na grafu nyingine, na mama huyu ni mweupe kama theluji." Akaweka kalamu chini. "Ulikula nini huko?"

Metroni akasema, "Meneja," lakini hakumalizia, na niliona kwamba naye anafikiri. Mistari elfu na zaidi niliikumbuka, na hakuna hata mmoja uliokuwa shahidi wangu.

Shangazi akatugeuzia mgongo. Nilidhani anatoa ufunguo. Alipotugeukia alikuwa ameshika barua, imekunjwa mara tatu.

"Bosi, hii barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Sahihi hii?"

"Yangu."

"Imeandikwa nifike Jumatatu, saa nne, vidoti, sifuri sifuri, bila kukosa." Akaiweka juu ya grafu. "Kwa kompyuta hiyo ni saa ngapi, Karani?"

"Saa kumi," nikasema. "Alfajiri."

"Saa kumi alfajiri. Nimekuja saa nne hii, na nyote nimewakuta, na hakuna aliyeniambia nimechelewa saa sita." Akamtazama Bwana Rangi. "Au wewe ulikuwa hapa tangu alfajiri unaningoja?"

Metroni alianza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Bwana Rangi aliichukua barua akaisogeza karibu na macho, kana kwamba tarakimu zingebadilika. Kisha akainuka, akaibandua grafu ya ubaoni, akaikunja.

"Ufunguo ubaki kwako," akasema. "Lakini mashuka arobaini na moja bado hayapo."

"Najua hayapo," akasema Shangazi. "Mimi ndiye niliyemsaidia metroni kuhesabu."

Hayajaonekana mpaka leo. Wapo wanaosema yalichanwa kuwa matambara ya kudekia bila mtu kuandika, na wapo wanaosema mengine. Mimi sisemi.

Metroni alitoa agizo kwamba saa ziandikwe kwa namna moja katika madaftari yote. Stoo mbili zilitii. Shangazi naye alitii, kwa njia yake. Daftari lake lilipoletwa mwisho wa mwezi, safu ya saa ilikuwa imejaa maneno hadi nje ya mstari. "Saa mbili na robo asubuhi, jua linawaka." "Saa nne kasoro, asubuhi, Afande yupo getini ameona." "Saa nane mchana, sio usiku, Karani amepita na kikombe cha chai." Kompyuta haiwezi kusoma hayo. Nayageuza moja moja kwa mkono, na inanichukua siku mbili zaidi kila mwezi. Sijamlalamikia.

Katika daftari hilo hilo, ukurasa wa mwisho, upande wa mashuka yanayorudi, nilikuta mstari mmoja usio na jina la wodi. "Shuka 1, la zamani. Saa tatu asubuhi." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Lilitoka naye siku tulipombeba kutoka wodini. Nilisema nitalirudisha likikauka."

Nilishuka chini nikalikuta rafuni, limefuliwa, limepigwa pasi, msalaba wa uzi mwekundu ukiwa nje ili uonekane. Shangazi alikuwa kwenye tundu, ananitazama.

"Utaliandika?" akauliza.

"Nitaliandika."

"Miaka miwili, Karani. Utaandika na hiyo?"

"Hakuna safu ya hiyo," nikasema.

Nililiingiza: tarehe, 09:00, stoo yake, moja. Kwenye grafu ya mashuka yaliyorudi, nguzo ya saa ile ni ya mashuka mia mbili na zaidi, na moja halionekani kabisa. Upungufu wa metroni sasa ni arobaini. Aliniuliza limetoka wapi hilo moja. Nikamwambia limerudi kutoka kufuliwa.